Waya wa Kurudi

Tak.
Hilo tu. Nimezungusha ufunguo, imesema tak,
kama mtu aliyeng'ata ulimi asiitikie salamu.
Gyumri, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
na binti wa jirani, Nvard, kaketi mbele, klarineti mapajani:
mtihani wake Vanadzor ni saa nne.

Zhiguli hii ni ya mwaka themanini na tatu.
Kaka yangu Norayr aliniachia
alipokwenda Krasnodar kwa miezi sita.
Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Wanaume wa uani wakashuka mmoja mmoja,
makoti juu ya nguo za kulalia.
"Betri," alisema Hrachik kabla hajafika.
"Betri," alisema Mkrtich, mikono mfukoni.
Vazgen alisema stata,
akawatazama wenzake,
akasema betri.
Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi;
na betri ndiyo huonekana kwanza boneti ikifunguliwa.
Wakataka kusukuma. Barafu ikawakatalia.
Hrachik akaketi chini bila kupenda,
tukacheka, yeye wa mwisho.

Nilikuwa fundi wa simu miaka ishirini na sita.
Nyaya nazijua kwa rangi na kwa tabia.
Nikamwita Nvard: shuka unisomee mita,
macho yangu na tarakimu hawasalimiani tena.

Betri, nguzo kwa nguzo:
"Kumi na mbili, nukta sita."
Nikawasha taa kubwa, nikazungusha ufunguo.
Tak. Taa hazikupepesa.
Abebaye mzigo huinama;
hizi zilisimama wima kama walinzi.
Basi mzigo haujapakiwa.
Waya mwekundu, kutoka betri hadi stata:
"Sifuri, nukta mbili."
Njia ya kwenda ni nyeupe.

Nikavuta choki nijaribu tena, mara ya saba au ya nane,
na kidole kikaungua.
Kebo ya choki, ule uzi mwembamba usio na kazi ya umeme,
ilikuwa moto
ndani ya gari ambamo pumzi zetu zilikuwa zikiganda kwenye kioo.

Nikatulia hapo, mkono mdomoni.

Watu hudhani umeme huenda tu.
Hauendi, hadi ujue utarudia wapi.
Ukifungiwa mlango mkubwa
utajipenyeza dirishani, utapita kwenye uzi wa choki,
utauchoma uzi wa watu.
Nikimpigia Norayr siku hizi
simu huita mara moja, halafu tak.

"Weka ncha nyeusi nguzo hasi," nikamwambia Nvard,
"nyekundu kwenye chuma cha injini. Vazgen, zungusha."
"Nne, nukta moja. Ni mbaya, shangazi?"
"Ilitakiwa isifike hata nusu."

Nikalala juu ya boksi la ndizi lililokunjuliwa,
tochi kwenye meno.
Mkanda wa shaba ufungao gia boksi na bodi
ulikuwa umeota kijani kama mkate uliosahaulika.
Nyuzi tatu zimebaki. Nilipozigusa, mbili.
Kamba hukatikia pabovu,
lakini pabovu hapa palikuwa chini, gizani, upande ambao hakuna anayepangusa.

Mkrtich akaleta kebo yake ya kuazimana umeme.
Ncha moja kwenye nguzo hasi, nyingine kwenye boliti ya injini.
Nikamwachia Nvard ufunguo.
Hajawahi. Alivua glavu kwanza.

Injini ikakohoa, ikatukana kidogo, ikashika.
Moshi ukaufunika ukuta wa jiwe jeusi hadi ghorofa ya pili
na mtu huko juu akafunga dirisha kwa nguvu.

"Si nilisema betri?" Hrachik alisema.
"Waya wa betri ni betri."

Kebo tuliiacha ilivyo, imefungwa kwa kamba ya viatu;
jioni nitatafuta msasa na mkanda mpya.
Njiani Nvard aliuliza ule waya unaitwaje.
Nikamwambia.
Akaliandika jina kwa kidole kwenye ukungu wa kioo.
Spitak tulifika limeshatiririka.